Sumaku ya Shemeji

Zamani mtu aliamini alichokipima kwa mkono wake; siku hizi anaamini alichoonyeshwa na simu yake. Jirani yangu mmoja, msambazaji wa mikate, alikuwa bado wa zamani, ndiyo maana nilimpenda, nami siwapendi wengi. Tulimwita Mpimaji. Ukimwambia chai ni ya moto, anatia kidole kwanza.

Mkewe alioka, yeye akasambaza madukani kwa pikapu yao kuukuu aliyoipenda kama mtoto wa mwisho. Lakini ilikula mafuta mpaka faida haikuonekana, na mke akatoa neno: mwisho wa mwezi inauzwa, mikate ibebwe na pikipiki za kukodi.

Ndipo kaka wa mke akaja na sumaku.

"Unaifunga kwenye bomba la petroli, shemeji. Mafuta yanapungua, utashangaa. Watu wameshuhudia."

"Watu gani?"

"Wako humu kwenye simu."

"Hao hawanijazii tangi. Tupime."

Niliitwa niwe mwamuzi, kwa kuwa ni mzee na sina kazi. Tulijaza tangi mpaka shingoni, Mpimaji akazunguka maduka yake, aliporudi nikajaza tena kwa chupa ya lita, nikihesabu. Kesho yake, mzigo uleule, njia ileile, sumaku imefungwa. Chupa hazikupungua.

"Umekanyaga mafuta makusudi," shemeji akalalamika. "Dada aendeshe."

Dada mtu alikuwa na leseni iliyolala kabatini tangu aolewe. Akavua aproni, akaendesha. Aliporudi, chupa zilipungua hata nikahesabu upya.

"Haya, mzee, sema sasa," shemeji akaniambia, akicheka hadi akakaa chini.

Gari limepona, mwingine yeyote angeishia hapo. Mpimaji, asubuhi iliyofuata, aliingia uvunguni mwa gari kimya kimya, akafungua sumaku, kisha akamwomba mkewe aendeshe tena.

Chupa zikapungua vilevile.

Akaiweka sumaku mezani mbele ya shemeji. "Ilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Labda imesaidia suruali."

Mke ndiye aliyeelewa kwanza. "Kumbe mla mafuta si gari. Mimi naendesha kama nimebeba mtoto aliyelala. Wewe unaendesha kama unafukuzwa."

"Tupime tena," akasema Mpimaji, sauti imeshuka.

"Tutapima kila siku, mume wangu. Lete funguo."

Wanaume wa siku hizi wangebishana wiki nzima. Yeye alikuwa amepima, basi akatoa funguo, na pikapu haikuuzwa.

Mara ya mwisho nilipowaona, kabla hawajahama mtaa, mke alikuwa kwenye usukani, anakwenda taratibu, pikipiki zikimpigia honi nyuma. Mpimaji alikaa kando yake na kreti ya mikate magotini, anatabasamu, mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu tupu.