Sifuri Yako Ipo Wapi?

Nnakumbuka mchana mmoja, mwanangu, niliopotea Mji Mkongwe, mimi mzaliwa wa Mpendae, hapo hapo Unguja. Tangu hapo nimepotea Mombasa, Maskati, na miji mingine ambayo sikudumu hata nikaijua mitaa yake. Lakini kupotea kule kwa mwanzo ndiko kunakonijia kila ninapoona, kwenye kundi la simu la ukoo wetu, mmoja wenu amerusha picha ya swali la chuo na kuandika chini yake: naombeni msaada, nimekwama.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nina miguu tu. Salma, mtoto wa ami yangu, alikuwa chuo kikuu, na likizo ile alirudi nyumbani uso umemwanguka. Fizikia alivuka kwa taabu, hesabu kwa taabu zaidi, elektroniki ikamwangusha. Alipewa mtihani wa marudio. Akishindwa tena ndiyo kudisko, kama wanavyosema wanachuo wenyewe: unafungasha, unarudi kwenu. Ami alishazungumza na mwenye duka la vitambaa Mlandege amchukue Salma kazi. Kwa tahadhari tu, alisema. Salma alikuwa akilia kila duka hilo likitajwa.

Wenzake walimsaidia, usidhani hawakumsaidia. Kila swali aliloomba alipewa jibu zima, limeandikwa mwanzo mpaka mwisho, naye akalinakili. Alikuwa na karatasi tele za majibu sahihi. Ila akiwekewa swali jipya, anaganda.

Mama yangu ndiye aliyemtaja Bi Zuwena, aliyemsomesha yeye hesabu skuli zamani, aliyekwishastaafu na akikaa Mji Mkongwe. Mimi nikajitia mjuzi wa njia, nikamchukua Salma kumpeleka. Kumbe mjini nilikuwa nakujua Darajani na sokoni tu, na tulipoingia vichochoroni, kona ya tatu kila ukuta ukafanana na mwenziwe. Ikabidi nimpigie Bi Zuwena simu.

"Bi, tumepotea."

"Mpo wapi?"

"Hatujui, Bi. Tumepotea kabisa."

"Kabisa si mahali. Mbele yako unaona nini?"

"Ukuta."

"Mashaallah! Na Unguja nzima ukuta ni huo mmoja?"

Salma akaninyang'anya simu. "Bi, kuna mlango wa buluu, fundi cherahani, na paka kalala juu ya kiti cha baiskeli."

"Ahaa! Paka huyo namjua. Geukeni, mmenipita."

Tulimkuta mlangoni akitungoja. Tukampa shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanitazama mimi. "Na huyu ndiye kiongozi wa msafara?" Akatuingiza uani, penye kisima cha zamani, tukakaa mkekani. Salma akatandaza karatasi yake yenye mchoro wa umeme.

"Bi, nshakwama."

"Wapi?"

"Lote, Bi. Swali zima."

Bi Zuwena akashika kiuno. "Jamani, leo nimeletewa watu wa namna gani? Mmoja kapotea kabisa, mwengine kakwama lote." Akakaa karibu naye. "Sikiliza. Hesabu nimesomesha, lakini michoro hii sijapata kuisoma. Kwa hiyo utanionesha weye. Huyu nani?"

Alisema "huyu nani," mwanangu, kama mgeni wa harusi anayeulizia jamaa wa bibi harusi. Nami, niliyekuja kusindikiza tu, nikajikuta nimesogea.

"Betri," Salma akasema.

"Na huyu?"

"Resista. Anaupa umeme tabu ya kupita."

"Huyu?"

"Betri ya pili, imeungana na ya kwanza."

"Na hivi vistari vitatu, kikubwa, cha kati na kidogo, vinavyoning'inia hapa baina ya betri mbili?"

"Hivyo si kitu, Bi. Alama ya ardhi tu. Kila mchoro wanaiweka."

"Si kitu, na mtu kakaa kitako akavichora? Vina kazi gani?"

Salma akafungua mdomo ajibu haraka, halafu maneno yakapungua mwendo. "Hapo... hapo ndipo penye sifuri. Volti zote zinahesabiwa kutoka hapo."

"Na weye umehesabu kutoka wapi?"

Kidole cha Salma kikashuka mpaka mwisho wa mchoro. "Huku chini. Siku zote naanzia chini."

"Kwa nini?"

"Majibu ya wenzangu yote yalianzia chini."

Akainamia karatasi, akahesabu upya kutoka kwenye vile vistari vitatu. Mara akainuka, akaenda kusimama karibu na kisima. "Bi! Kumbe yale majibu yenye alama ya kutoa, niliyokuwa nikiyaona kitabuni nikidhani yamekosewa, yalikuwa sawa! Tazama. Ukihesabu kutoka kizingitini, chumba chako cha ghorofani kipo juu, maji haya yapo chini. Kuwa chini ya sifuri si kukosea!"

"Maji yangu hayajapata kukosea," Bi Zuwena akasema, na sote tukacheka.

Tulikaa mpaka alasiri. Swali jengine likatoka, la mwisho likawashinda wote wawili, na hilo ndilo Bi Zuwena alilolipenda kuliko yote. Akamtaka Salma arudi kumweleza atakapolifungua. Wakati wa kuagana akatwambia, "Nyinyi mkipotea mnataka kubebwa. Nani atakubebeni, na hajui akuokoteni wapi?"

Salma alivuka marudio, si kwa alama za kujisifia, lakini alivuka. Mwenye duka la Mlandege akatafuta mtu mwengine. Na lile swali la mwisho alilipeleka Mji Mkongwe likiwa limefunguka. Safari hiyo alikwenda peke yake, hakutaka kiongozi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kuomba msaada si aibu, ila usirushe picha ya swali ukangoja jibu. Sema unachokijua, hata kama ni betri tu. Sema ulipoanzia kuhesabu, na onyesha mstari ambapo miguu yako iligoma. Usiidharau alama ndogo kwa kuwa kila mtu anaipita. Na ukipewa jibu zima, uliza limeanzia wapi, maana huenda mwenzako alianzia kwengine.

Mimi elimu yangu iliishia kidato cha nne, na bado sijatulia mahali pamoja. Salma akinipigia simu haniulizi hali kwanza. Huniuliza, "Upo wapi?" Nami siku hizi hutazama nje kabla sijamjibu.

Mwenyezi Mungu akufungulie kila mlango wa elimu unaoubisha. Na pale utakapokwama, akujaalie mtu wa kukuuliza upo wapi, na ulimi wa kumjibu.