Alama Shingoni mwa Dada, Msimu wa Senene

Dada yangu aliamka na mstari mwekundu shingoni, kutoka chini ya sikio hadi begani, wa moto ukiugusa, na juu yake malengelenge ya maji. Kesho yake shangazi wa mchumba wake alikuwa anakuja kwetu Kahororo kutoka Rubya kumwangalia bibi harusi. Miaka ile ya ukimwi kila mtu Bukoba alikuwa daktari. Ukikonda unatazamwa, ukikohoa unatazamwa, na malengelenge yaliyojipanga mstari yalikuwa na jina: mkanda wa jeshi. Kaka yetu mkubwa alianza hivyo hivyo, na tulishamzika kibanjani, kwenye migomba yetu nyuma ya nyumba.

Mimi nilikuwa na mdomo na nilikataa katakata. Msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, taa za nje zinawashwa kuwavuta, na senene hawaji peke yao. Kuna kadudu kembamba, kekundu na keusi, hakang'ati wala hakachomi. Ukikaponda tu kwenye ngozi kanakuachia maji yake, na baadaye unaungua. Dada alikaponda akifuta jasho, nilimwona kwa macho yangu!

"Nyamaza, wewe," mama alisema, akamfunga dada kitambaa shingoni.

Shangazi alifika, mwanamke mkubwa, amevaa akavalika. Hakumaliza hata nusu kikombe cha chai.

"Mwanangu, joto hili na kitambaa? Hebu fungua."

Dada akafungua. Shangazi akatua kikombe polepole, akasema ataondoka na basi la asubuhi.

"Ni kadudu, waitu shangazi!" nilipiga kelele.

"Siku hizi kila mtu ana kadudu kake," alinijibu.

Nilitamani kumtoa nje na kikombe chake. Lakini jioni ile ile senene wakashuka, wengi ajabu, wanagonga mabati kama mvua. Mtaa mzima ulilipuka kwa vifijo. Shangazi alikaza uso kwenye kiti kwa muda mfupi sana.

"Ndoo iko wapi?" aliuliza.

Jamani, yule mama alikimbia! Alitupa viatu, akapandisha gauni, akanipiga kikumbo nikaondoka chini ya taa. "Hao ni wangu!" Senene kwenye nywele, senene kifuani, naye anacheka kama msichana, anajipiga makofi shavuni na shingoni kila kitu kikimtambaa. "Usiponde, shangazi, puliza! Nawa kwa sabuni!" nilimwambia. Alinijibu nimsogezee ndoo. Asubuhi alipanda basi na senene wetu, bila neno moja kuhusu harusi. Dada alirudi chumbani akajifungia, na mama hakula.

Wiki haikuisha, shangazi huyo mlangoni, amejifunika kanga hadi puani. Alipoifungua nilishika ukuta. Jicho moja limevimba limefumba, na kutoka shavuni hadi shingoni mstari mwekundu, na malengelenge yake yote.

"Msicheke," alisema, na sote tukaanza kucheka. Alisimulia kwamba kwenye basi la kuja kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu mpaka Muleba. Nyumbani wifi yake, ambaye hajawahi kumpa hata maji, alimletea supu. Jirani alikuja kumpa pole, kisha akauliza kwa upole kibanja ataachiwa nani.

"Yuko wapi binti? Shingo yake imekuwaje?"

Dada alitoka chumbani. Ngozi ilishabambuka, limebaki doa la kahawia tu. Shangazi alilipapasa kwa kidole, akakaa chini kwenye mkeka.

"Basi na mimi nitapona," alisema. "Mnipe huyu binti niende naye Rubya. Wote waione hii shingo! Na harusi iwe upesi, kabla hawajagawana migomba yangu."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Sijui mara ya mwisho alikuwa amecheka lini. Mimi nilirukaruka sebuleni nikiimba kadudu, kadudu, mpaka nikaishiwa pumzi.

Dada hakuwa amecheka. Alimshika mama mkono.

"Mama," alisema, "mle chumbani mimi nilikuwa nimeshachagua pa kunizika. Pale pembeni ya kaka."