Barua Iliyosema Mama Amekufa

Mwezi jana binti yangu alirudi kutoka shuleni hapa Voi na fomu mkononi. Kuna kikundi cha vijana kinachokuja kila Jumamosi kuwafundisha watoto kompyuta, mpira na kuimba, na mzazi anatakiwa atie sahihi kuruhusu mtoto wake ashiriki na apigwe picha. Wazazi wenzangu walitia sahihi wakiwa bado wamesimama langoni. Mimi nilikwenda nayo kazini, nikaisoma mara tatu, kila neno nikiligeuza kama mtu anayechagua viazi sokoni. Mwishowe nikaandika: mpira sawa, kompyuta sawa, picha hapana. Mwalimu wake akaniuliza, "Mama, kwani picha ina shida gani?" Nikamjibu haina shida. Nilimdanganya. Wewe nitakuambia.

Nililelewa na nyanya yangu chini ya mlima Kasigau. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la makonge nje ya Voi, na mwisho wa mwezi alirudi na sukari, mafuta ya kujipaka, na harufu ya maji ya mkonge ambayo haikumtoka hata akioga. Siku nyingine zote tulikuwa wawili tu. Asubuhi nilichota maji kwenye bomba linaloshuka kutoka mlimani, nikitoka shule niligonga debe kufukuza nyani kwenye mahindi. Ndovu walikuwa kazi ya wanaume. Chakula chetu kilikuwa kimanga, yaani mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja kwa mwiko mzito, na moshi wa jiko lile bado naujua hata nikiwa nimefumba macho.

Nilikuwa darasa la tano mradi ulipokuja shuleni kwetu. Lilianza gari jeupe, likafuata bango langoni, kisha tangi la maji, madawati, na uji wa saa nne. Watoto waliokuwa wakishinda nyumbani wakaanza kuonekana darasani kwa sababu ya uji huo. Sisemi mradi ulikuwa mbaya. Niliunywa uji ule, ulikuwa na sukari ya kutosha, na somo la hesabu baada ya uji liliingia kichwani kuliko lile la kabla yake.

Nyanya ndiye aliyekuwa na shaka. Alikuwa mtu wa kukagua. Mchele aliupepeta mara mbili hata ukitoka kwa dada yake. "Mtu akikupa kitu bila kukuuliza wewe ni wa nani," alikuwa akisema, "mwangalie mikono." Majirani walimcheka, na mimi pia nilimcheka, lakini kwa siri.

Siku ya kupigwa picha, dada wa mradi, msichana mchangamfu kutoka mjini, alitupanga mbele ya darasa la zamani la udongo, lile lililokuwa linabomoka. Darasa jipya lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Nilikuwa nimevaa raba mpya ambazo mama alininunulia Voi. Akaniambia nivue. Nikavua. Akaniambia nisicheke. Hilo lilinichukua muda kidogo.

Nilipomsimulia nyanya, mwiko ukasimama.

"Raba zilikuwa zinakubana?"

"Hapana."

"Sasa uzivue kwa nini?"

Akaendelea kuponda. Ila kuanzia siku hiyo, gari jeupe likipita alitoka nje akaliangalia hadi lipotelee kwenye vumbi.

Mwaka uliofuata barua za wafadhili wa ng'ambo, kila mtoto na wake, zikaanza kufika. Mwalimu wetu wa Kiingereza alizisoma mbele ya darasa akitufasiria, maana Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza. Mmoja alikuwa na mfadhili mwenye mbwa watatu, mwingine wa kwake alikuwa anaishi kwenye baridi ya kuua mimea. Tulicheka hadi tukalala kwenye madawati. Ikaja yangu. Mwalimu alianza, akasita, midomo ikaendelea bila sauti. Kisha akasema polepole, "Anasema pole sana kwa kifo cha mama yako. Anakuombea kila siku."

Sikumbuki nilivyotoka darasani. Mama hakuwa amerudi mwisho wa mwezi uliotangulia, na kwa akili yangu ya kitoto mambo yalijipanga yenyewe: amekufa, watu wa ng'ambo wamejua, ni mimi tu sijaambiwa. Nilimkuta nyanya anachambua kunde. Alinisikiliza hadi mwisho, hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Nani ameandika?"

Kijijini kulikuwa na simu moja, ya mwenye duka, na mama hakuwa na simu ya kupigiwa. Kesho yake tukapanda basi la asubuhi la Voi, nyanya akiwa amejifunga leso zake za msibani. Njia nzima alinishika mkono akirudia jambo lile lile: "Usilie kabla ya kuona."

Tulimkuta mama nje ya chumba chake kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba, anafua. Alipoziona zile leso aliruka juu, povu likimdondoka mikononi.

"Nani amekufa?"

"Wewe," nyanya akamwambia.

Nilimkumbatia kiunoni nikakataa kumwachilia. Alikuwa na joto, alikuwa amelowa, alikuwa ananuka mkonge.

Siku hiyo hiyo tukaenda ofisi ya mradi mjini. Mratibu alikuwa mtu mpole. Alitupa viti na soda, akafungua faili. Nikajiona pale kwenye picha, miguu mitupu, uso mkavu, ukuta wa udongo nyuma yangu.

"Mama, naomba unielewe," alisema. "Watoto ni wengi, wafadhili wachache. Aliyefiwa huchaguliwa haraka. Naweza kurekebisha hata sasa hivi, lakini sitakuficha, huenda huyu akajitoa. Na ameahidi kumsomesha hadi fomu foo."

Nikangoja nyanya alipuke. Nilimjua. Lakini yeye aliuliza, "Hadi fomu foo?"

"Ndiyo."

Akamgeukia mama. "Karatasi haizikwi," akasema.

Mama alinitazama. "Acha ilivyo," akajibu. Soda yake ilibaki nusu.

Hivyo ndivyo nilivyosoma. Kila likizo niliandika barua ya shukrani, na mama akiwa nyumbani alikuja nyuma yangu akauliza, "Leo umeniandikaje?" kisha akacheka. Sijawahi kukiamini kicheko kile. Tangu hapo sikuamini vitu vingi. Nani alimwambia dada wa mradi kwamba sina mama? Mwalimu? Jirani? Au hakuna aliyesema kitu, ila walionivua raba waliona wanivue na mama pia? Sijui hadi leo. Darasani tukaacha kusimuliana barua zetu. Kila mmoja alimwangalia mwenzake akijiuliza ameandikwa nini, na kicheko kile cha kulala kwenye madawati hakikurudi tena. Mradi uliondoka baadaye, nyanya akafariki, tangi likapasuka. Katika yote yaliyokwenda, ninachokikosa zaidi ni kule kusikiliza barua ikisomwa nikiamini kila neno.

Mama alifariki kwa ugonjwa wa kifua nilipokuwa fomu thri. Tulimzika Kasigau, nikarudi bweni, na wiki ile ile ilikuwa zamu ya kuandika barua. Mfadhili wangu alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo jambo moja katika habari hii ambalo sina shaka nalo. Angenifariji. Lakini pole zake alikwishanipa, miaka mitano nyuma, na kwake mimi nilikwishalia nikamaliza. Nilikaa na karatasi hadi kengele ya chakula ikalia. Kisha nikaandika kwamba mtihani wa kemia ulikuwa mgumu, kwamba mvua imenyesha vizuri, mahindi yamesimama, na kwamba nyumbani wote hawajambo.