Kanda za Mama Zisizo na Sauti

Harusi za mtaa wetu wa Bertrams, huku ugenini, nilipokuwa na miaka tisa, zilinuka udi na waya uliopata moto. Udi ulitoka kwenye chetezo; waya ulitoka kwenye kamera ya mama, mkweche usioshika sauti hata kidogo. Mama, mtu wa Tanga na fundi wa kushona, ndiye mwanamke wa kwanza niliyemwona akipiga video harusini, na ububu wa kamera ndio uliompa kazi. Kwenye ngoma ya wanawake mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia, na nyimbo za kungwi hazitoki nje ya mlango. Basi mama alijifunza kusimulia kwa picha tupu: kisigino kikigonga sakafu, hina ikikauka, bibi harusi akimeza mate. Wanawake walizitazama kanda zile kimya, wakalia.

Baba mdogo Rashidi alikuwa na duka mtaa wa Fordsburg. Alizichukua kanda azirudufu kwa wenye harusi, akaapa hatazitazama, kisha akabandika jina lake kwenye kila jalada. Mama alipomwuliza akacheka. “Shemeji, kazi yenye jina la mwanamke nani ataiamini?” Mama akauza kamera, akarudi kwenye cherehani. Nilikula pilau ya baba mdogo kila Idi huku nikimwombea aumbuke.

Mwaka huu, mama akiwa kaburini, watu wetu walimtunuku baba mdogo kama mpiga filamu wa kwanza wa harusi zetu hapa jijini. Akatamba kwenye kipaza sauti kwamba kanda zote zenye jina lake alizipiga kwa mkono wake. Nikasimama.

“Shikamoo, baba mdogo. Zile za ngoma za wanawake, ulisimama wapi ukizipiga?”

Akikubali kwamba alikuwemo, aliwachungulia wake za watu. Akikataa, ni mwizi.

“Eish, mwanangu, hayo ya zamani.”

Mkewe, aliyecheza kichwa wazi kwenye kanda ya kwanza, akainuka. “Mjibu mtoto. Ulikuwemo?”

“Sikuwemo.”

“Nani alipiga?” nikauliza.

Akataja jina la mama. Nikamwambia arudie, akarudia.

Siku hizi wasichana wanapiga video harusini kwa simu, tena wanalipwa kwa majina yao, wala hakuna anayeshangaa. Mama hakuipata bahati hiyo. Ndugu wananilaumu kwamba nimemwaibisha mzee anayetetemeka mikono. Kosa langu ninalijua: sikumtajisha jina la mama mara ya tatu.