Sebule Aliyopaka Mama Mkwe

Kila mtu na namna yake ya kuupokea mwaka mpya. Wapo wanaoshona nguo, wapo wanaozima simu na kulala mapema, na wapo wasioweza kuuona mwaka ukiingia sebule ikiwa imefifia rangi. Hao wa mwisho ndio waliomlisha Kioo. Alikuwa fundi rangi, na jina hilo alipewa na wateja kwa kuwa ukuta aliopaka ulikuwa laini mpaka mtu alitamani kujichania nywele mbele yake. Mwenyewe alilipenda kupita kiasi, tusimfiche.

Desemba yote hakushikika. Alitoka asubuhi na ndoo, akarudi shingo imekakamaa kwa kutazama dari za watu. Na kwake? Kinyozi hajinyoi. Ukuta wa sebule yake ulikuwa umechubuka nyuma ya makochi, na juu ya swichi palikuwa na weusi wa vidole vya watoto ambao sasa walikuwa wameshaota ndevu. Kila mwaka mkewe alimkumbusha, na kila mwaka alijibiwa, "Tulia, mama watoto, yako nitaipaka kwa raha zangu." Mwaka huu mkewe hakukumbusha. Mume mwenye akili angeshtuka. Kioo alishukuru.

Siku ya mwisho ya mwaka alimaliza kazi mapema, akawakaribisha chai mafundi wawili aliokuwa akifanya nao kazi. Alipofungua mlango, harufu ndiyo iliyomlaki. Sebule ilikuwa imepakwa rangi ya malai, ukuta kwa ukuta.

Ungedhani angefurahi. Lakini sifa ni ugonjwa, na alikuwa mbele ya wenzake. Ikamwingia kichwani kwamba mkewe amechoka kusubiri, akaita fundi mwingine ndani ya nyumba yake yeye, Kioo mzima! Akapitisha kidole ukutani. Rangi ilikuwa imechirizika ikakaukia njiani, kule juu brashi ilikuwa imeparamia dari, na swichi nayo haikusalimika.

"Njooni muone maajabu!" akasema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni. "Huyu alikuwa anapaka au anafukuza nzi? Hata swichi kaionea huruma, kaivisha! Mtu huyu mkimpa banda la kuku, kuku watahama."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akajishika mbavu.

Pazia la jikoni likasogea. Aliyetoka alikuwa mama mkwe wake, aliyekuja wiki ile kumtembelea binti yake. Alishika sinia la vikombe, na kwenye kucha zake na kwenye nyusi moja kulikuwa na rangi ya malai.

"Kumbe nimeharibu, baba," akasema. "Mkeo aliniambia unachoka sana. Nikasema nikupunguzie. Nisamehe."

Mkwe, jamani! Mtu ambaye hata kukohoa mbele yake unajifikiria. Kioo alitamani ardhi ipasuke immeze. Alichoweza ni kumpokea sinia. Wenzake wakakumbuka ghafla kwamba wana haraka. Mkewe alisimama pale pale penye pazia, akamtazama, akarudi jikoni.

Jioni wakakaa kula. Mama mkwe alikigeuza kiti chake kikaelekea mlango, ili asizitazame zile kuta. Kioo aliliona hilo, akalirudisha tonge kwenye sahani. Mwaka ulimkuta macho kitandani, mkewe amempa mgongo, na aibu inamchoma.

Kulipokucha akasikia kitu kinakwaruza. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti sebuleni na kisu cha mezani, akikwangua michirizi.

"Shikamoo, mama. Unafanya nini tena?"

"Marahaba. Naiondoa hii, baba. Leo watu watakuja kukusalimia, na wote wanajua hapa ni kwa fundi. Watadhani ni mkono wako. Sitaki uchekwe kwa ajili yangu."

Afadhali angemtukana. Kile kisu kilikuwa kinachimba ukuta na kuuharibu zaidi, na Kioo aliona wazi, lakini safari hii aliufyata ulimi. Akapiga magoti kando yake.

"Mama, jana nilikosa adabu. Nisamehe."

"Yameisha," akasema mama mkwe, na akaendelea kukwangua.

Hodi ikapigwa. Alikuwa mwalimu mmoja, mama wa makamo, ambaye Kioo alikuwa amempakia nyumba yake yote wiki iliyopita. Aliingia anacheka. Kisha akaziona kuta.

"Fundi! Hivi hii ndiyo sebule yako?"

Mama mkwe akakificha kisu kwenye mkunjo wa gauni.

"Ndiyo yangu, mwalimu," Kioo akajibu, masikio yakimwaka moto. "Mke wangu alikuwa ananiomba miaka nenda rudi, mimi niko kwenu. Mpaka mama yake huyu, na umri wake, akapanda juu ya kiti akatupakia. Nami jana nikamcheka mbele ya watu."

Kioo akanyoosha mkono amtakie heri ya mwaka mpya.

Mwalimu akampita. Akaenda mpaka pale chini, akainama, akashika mikono miwili yenye rangi kwenye kucha. "Shikamoo, mama. Pole sana na kazi."

Mkono wa Kioo ulibaki umenyooshwa, mpaka akaushusha mwenyewe.