Golori ya Kumi na Nane

Baba mkwe wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Spoki, hufufua baiskeli kuukuu. Chuma kilicholiwa na kutu hukisugua kwa msasa, halafu kwa majivu laini, mpaka king'ae. Golori, vile vidude vya mviringo vinavyozungusha gurudumu, huziosha kwa mafuta ya taa, kisha huzihesabu. Gurudumu la nyuma hula kumi na nane.

Juzi asubuhi alihesabu kumi na saba.

Tulitazamana, kisha sote tukamgeukia mwanangu. Alikuwa ameketi kwenye turubai, kando ya zile golori, anatafunatafuna.

"Mama, mpanue kinywa!" Mzee akaniambia.

Nilipitisha kidole chini ya ulimi wake. Hamna kitu. Akaangua kilio, nami nikawa nasikiliza kila pumzi yake. Mzee akapiga magoti, akahesabu tena: kumi na saba.

"Baba, si nilikuomba usizimwage chini?"

"Utanigombeza baadaye. Lete mtoto, tukimbie hospitali."

Aliponyoosha mkono kumpokea, nikaiona. Golori imenasa kwenye grisi ya kiwiko chake, imetulia kama kupe.

Niliibandua nikampa. Akazikusanya zote kwenye kopo, akakaza kifuniko kwa koleo, kana kwamba zingetoroka.

"Haya, sasa cheka," akaniambia, huku yeye mwenyewe hacheki.

Sikuweza. Nilikaa palepale chini, kwenye mafuta ya taa, nikamnyonyesha mwanangu mpaka akalala.