Mtawala wa Rumania Kwenye Kigoda cha Baba Mkwe

Mume wangu Pankras ni mkulima wa kahawa hapa Kitura, na ugonjwa wake mmoja tu ni ndugu. Baba yao alipofariki, kaka zake wawili, Sixtus na Isidori, waligombania kigoda cha marehemu, kile cha kukalia kwenye sengu. Sengu kwetu Wamatengo ndiko wanaume wa ukoo wanakokula pamoja na kumaliza mashauri. Basi kila mmoja akawa anakula kwake, kanuna kama kuku anayeatamia. Pankras akakonda. "Mama Winnie," aliniambia, "nitakufa nikila peke yangu."

Mnadani Mbinga, kwenye mitumba, akakuta zulia la ukutani lenye picha ya mzungu mwenye ndevu, kofia ya manyoya na shoka. Mwalimu Dorah, anayefundisha historia Kigonsera, akamtambua: Mihai, mtawala wa zamani huko Rumania, aliyeunganisha nchi tatu.

"Tatu!" Pankras akaruka. "Na sisi tuko watatu!"

Akalitundika juu ya kigoda, akatangaza kwamba kimepata mwenyewe. Nilicheka hadi nikaunguza mboga. Lakini kaka zake walikuja! Kigoda kikienda kwa mgeni, hakuna aliyeshindwa. Wakamwamkia shikamoo, wakamtengea ugali na usipa, dagaa wa ziwani. Kusemezana wao kwa wao, hapana. Sixtus alimwambia Mihai, "Mzee, mwambie Isidori asogeze chumvi." Isidori akasogeza. Pankras akashiba, mara ya kwanza tangu msiba.

Siku moja tukamkaribisha Mwalimu Dorah. Sixtus akamuuliza kwa heshima, "Na ule muungano wa mzee wetu ukoje siku hizi?"

Mwalimu hajui kudanganya. "Haukumaliza mwaka, baba. Mwenyewe aliuawa kwa amri ya jemadari aliyepigana upande wake."

Sixtus akamtazama Isidori. Isidori akarudisha tonge sahanini. Nilitamani kumziba mwalimu mdomo kwa mwiko.

Pankras akainuka, akaling'oa zulia, akalitandika chini mbele ya kigoda kitupu, akaketi juu ya shoka. Analia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake.

"Kaka zangu, huyu alisimama mno. Sisi tuketi."

Isidori akakalia ndevu za Mihai. Sixtus akasita sana, kisha akakalia kofia, akanyoosha mkono.

"Isidori," alisema, "chumvi."